Mji Uliopimwa kwa Mzigo wa Punda

Anayekwenda Lamu huliacha gari ng'ambo. Akija kwa basi hushuka Mokowe, akija kwa ndege hushuka kisiwa cha Manda, na vyovyote iwavyo safari humalizikia mashuani. Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa Mombasa, niliyezoea kushikwa mkono na kuambiwa nitazame kulia na kushoto. Nikamuuliza mama yangu mkubwa ni wapi tutakapovukia barabara. Alicheka. "Hapa, mwanangu, ndia ni ya miguu. Mpishe punda, basi."

Wako wanaosema kwamba mji ule haukupangwa, bali ulijiotea tu. Mimi siamini hivyo. Haukuchorwa karatasini, lakini ulipimwa. Vyumba vya nyumba za mawe vilipimwa kwa boriti: mti wa mkoko hauwezi kubeba dari ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Vichochoro navyo vilipimwa kwa mzigo wa punda. Kuta ndefu zikatia njia kivuli, na milango ikawekewa daka na baraza, ili mgeni apate pa kuketi na mpita njia asipite bila ya kusalimiwa.

Mji Mkongwe, ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, una eneo la hektari 16 hivi. Ni kama mraba wenye mita 400 kila upande. Humo mna misikiti, vyuo, soko, gati, ngome iliyokamilika mwaka 1821, na jamaa zako wote. Hapana haja inayomtoa mtu kwake ambayo hawezi kuifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Hata hivyo, tusiusifu mji kupita kiasi. Utajiri uliojenga majumba yale katika karne ya 18 ulitokana na biashara, na pia mashamba ya upande wa bara yaliyolimwa na watumwa. Na wanawake wa kiungwana hawakuteremka njiani kila walipotaka. Walivuka kwa wikio, yaani kile chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ili wasionekane na watu. Utulivu wa njia haukuwa wa wote. Lakini njia yenyewe ilibaki, na vizazi vilivyofuata vikaiongezea wapitaji.

Kwa miaka mingi gari lililojulikana kisiwani lilikuwa la mkuu wa wilaya. Punda ndio waliobeba mawe, maji na unga, hata wakafunguliwa hospitali yao mwaka 1987. Kisha, katika miaka hii ya karibuni, zikaja pikipiki. Zilianza kwa kuwafaa watu wa Matondoni na Kipungani, ambako ni mbali kwa mguu, halafu zikapenya mjini.

Mama yangu mkubwa sasa amepita miaka themanini. Nilipomzuru mara ya mwisho niliambiwa kwamba ameacha kwenda kwa shoga yake, nyumba ya nne kutoka kwake. Si magoti yaliyomzuia. Anaogopa kona. Kichochoro hakina pembeni pa kukimbilia, na masikio yake hayamwambii tena kinachokuja.

Nililisema jambo hilo kwa hasira mbele ya mjukuu wake, ambaye huendesha bodaboda. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Na siku bibi akiugua usiku, tumpakie punda?" Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Mgonjwa ana haki ya haraka, na mzee ana haki ya kupita njia bila hofu.

Ninachokijua ni hiki. Huku kwetu Mombasa tuliuliza kwanza gari linahitaji nafasi gani, kisha tukawapa watu iliyosalia. Waamu wa kale walianza na binadamu: anaweza kubeba nini, anaweza kutembea hadi wapi, na akichoka ataketi wapi. Hayo maswali hayajachakaa. Hata pikipiki yaweza kupewa mahali pake, iwapo mtu ndiye atakayepimwa kwanza.

Jioni ile yule kijana alizima injini mwanzo wa mtaa, akaisukuma pikipiki kwa mkono mpaka mlangoni. Hakuna aliyemwamrisha. Asubuhi yake nilimkuta bibi ameketi barazani, amevaa buibui, akisikiliza. "Nipeleke," akaniambia, "lakini polepole." Tukaenda nyumba ya nne, tukisalimiwa kila mlango, na ikatuchukua karibu nusu saa.