Neno lililogombaniwa ubavuni mwa tangi la petroli

Agosti 10 huwarudisha watu wa Morogoro kwenye mkasa wa Msamvu wa mwaka 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Malori ya aina hiyo huandikwa kwa Kiingereza "flammable", yaani shehena yake hushika moto upesi. Neno hilo fupi halikupata nafasi yake bila ugomvi.

Mkubwa wake ni "inflammable", kutoka Kilatini "inflammare", kuwasha moto. Waingereza wamelitumia tangu karne ya 17. Maana ni ileile, ila "in-" ya mwanzoni ilileta balaa: katika maneno mengi ya Kiingereza hukanusha, kwa hiyo msomaji wa harakaharaka alielewa "kisichowaka".

Walioshtuka si wanasarufi bali watu wa moto na bima. Katika miaka ya 1920 chama cha kinga ya moto cha Marekani kilishikilia "flammable". Kwenye sekta ya bima ndiko alikokuwa Benjamin Lee Whorf, mhandisi aliyeingia kampuni ya Hartford mwaka 1919 na baadaye kusifika kama mwanaisimu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vyanzo vya moto, na akaona maneno nayo huunguza. Karibu na mapipa yaliyojaa petroli watu walijihadhari. Karibu na yale "matupu" walivuta sigara bila wasiwasi. Kumbe pipa tupu limejaa mvuke, na mvuke huo hulipuka vibaya kuliko mafuta yenyewe. Fundi yeyote aliyewahi kuchomelea pipa kuukuu anajua Whorf alisema nini.

Wasomi walinuna. Kitabu cha uandishi cha William Strunk, alichokifufua mwanafunzi wake E. B. White mwaka 1959, kinashauri kubaki na "inflammable", isipokuwa kama unaendesha lori la mafuta na unawajali watoto na wasiojua kusoma. Utani wa mtu aliyeketi mbali na tangi! Mwaka huohuo taasisi ya viwango ya Uingereza iliunga mkono "flammable", na lebo za kimataifa zikafuata. Barabarani kwetu, hata hivyo, malori mengi bado yanatoa onyo hilo kwa Kiingereza, huku wanaopita kando yake wakizungumza Kiswahili.