Stika za Shepard na Kesi Ambazo Hazikuwahi Kuwepo

Mwanafunzi wa sheria siku hizi ana msaidizi ndani ya programu ile ile anayosomea kesi. Anauliza swali, anajibiwa, na hukumu za kuegemea anawekewa hapo hapo. Wengi wanaianza historia ya kitu hiki mwaka 2022, ChatGPT ilipotoka. Mimi naianzia Chicago, mwaka 1873, kwenye gundi.

Mwaka huo Frank Shepard alianza kuuza stika. Kila moja iliorodhesha hukumu za baadaye zilizoitaja kesi fulani, na wakili aliibandika pembeni mwa ukurasa wa kesi hiyo. Basi, hivyo tu. Ila swali lenyewe linamtesa mwanafunzi mpaka leo: hukumu hii bado inasimama, au ilishatenguliwa?

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Pittsburgh, mwishoni mwa miaka ya 1950. Jimbo la Pennsylvania lilitaka neno la zamani la kuwaita watoto wenye ulemavu wa akili liondolewe katika sheria zake zote. Wanafunzi wakaajiriwa kuzipitia kurasa kwa kurasa. Wakaruka sehemu kibao. Likaletwa kundi la pili, nalo likaruka. (Nani asingesinzia?) John Horty, wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akaamua sheria ziingizwe kwenye kadi za kutobolewa, kompyuta itafute yenyewe. Yaani mashine iliingia kwenye sheria kwa sababu ya uchovu wa wanafunzi.

Lexis ikaja 1973, Westlaw 1975. Tuziruke, maana kwa jambo ninalolifuata zilifanana: zilitafuta kilichoandikwa, na wakikosa walikuambia hakuna.

Msaidizi wa sasa hasemi hakuna. Mwaka 2023, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca huko New York, mawakili waliwasilisha hukumu 6 zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli. Ikajibu ndiyo, tena inapatikana LexisNexis na Westlaw! Kuifungua huko ndiyo kazi iliyobaki, na haikufanyika. Jaji P. Kevin Castel akawatoza dola 5,000.

Kampuni zenye hazina hizo zikatoa wasaidizi wao, zikijinadi kwamba wao wanajibu kutoka kwenye hukumu halisi. Watafiti wa Stanford waliwapima mwaka 2024: wa Lexis alibuni au kupotosha katika zaidi ya asilimia 17 ya majibu, wa Westlaw karibu mara mbili ya hapo. Kinachonikera ni kwamba orodha za Shepard zimo humo humo ndani ya Lexis, kubofya mara moja tu.

Huku kwetu TanzLII na Kenya Law zinaweka hukumu bure. Ukipewa jina la kesi, dakika mbili zinatosha kujua kama ipo. Kujua kama inasema ulichoambiwa ni saa nzima ya kusoma, na saa hiyo ndiyo msaidizi aliyoahidi kukuokolea.