Kutoka Mbaha hadi Boma la Songea

Atokaye Mbaha kwenda Songea huliacha Ziwa Nyasa pale Lituhi, akapanda kupitia Ruanda, akipishana na malori ya makaa ya mawe, hadi Kitai. Hapo Kitai pana gereza hadi leo. Mimi nilikuwa nafuatilia la zamani zaidi, la Wajerumani waliojenga boma Songea mwaka 1897.

Ili kulinganisha na Ulaya: mwaka uliofuata, Uingereza ilipitisha sheria iliyoliondoa gurudumu la kukanyaga, ambalo wafungwa wa enzi ya Malkia Victoria walilipanda saa nyingi kwa siku, mara nyingi bila kusaga hata punje moja. Katika gereza la Pentonville, London, lililofunguliwa 1842, walitengwa kila mtu na chumba chake, marufuku kusemezana, na wengine wakarukwa na akili.

Huku kwetu alitawala mjukuu wa Victoria, Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, na wafungwa wake hawakujua upweke. Walifungwa mnyororo mmoja, kila mtu na pete ya chuma shingoni, wakatolewa hivyo kwenda kulima barabara na kubeba mizigo. Akijikwaa mmoja, shingo za wenzake huvutwa. Na makosa yenyewe? Tangu 1898 kulikuwa na kodi ya nyumba, na kijijini asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake.

Kisha kiboko. Amri ya mwaka 1896 kutoka Berlin iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja. Hukumu iliweza kugawanywa mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Watu wakaiita hamsa ishirini. Wanawake hawakupaswa kuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Kwa maoni yangu, wiki mbili zile ndizo zilizokuwa adhabu kubwa: kidonda kinaanza kukauka, na mwenyewe anajua tarehe kitakapochanwa tena. Kati ya 1901 na 1913 serikali ya Wajerumani iliandikisha hukumu za viboko zaidi ya 60,000 katika koloni zima. Hizo ni zile zilizoandikwa.

Vita vya Majimaji vilipozimwa Ungoni, boma lilijaa wapiganaji. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa kwa makumi, Nkosi (mfalme) Mputa Gama wa Wangoni akiwamo. Kabla ya kitanzi, padri Mbenediktini aliwabatiza baadhi yao. Nduna (jemadari) Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Walionyongwa wana makumbusho na siku yao kila Februari. Waliovaa mnyororo kwa sababu ya rupia hawana. Wewe wa Mbaha, Liuli au Lituhi ambaye babu yako alisimulia habari za hamsa ishirini, andika jina la aliyechapwa na kijiji chake, ulipeleke Makumbusho ya Majimaji, Songea.