Van Gogh wa projekta alizaliwa machimboni

Karibu nusu karne imepita tangu picha zianze kumulikwa kwenye kuta za machimbo ya mawe ya Les Baux-de-Provence, kijiji kidogo cha mlimani kusini mwa Ufaransa. Biashara iliyotokana na machimbo hayo leo imeenea duniani. Unakata tiketi, unaingia ukumbi wenye giza, muziki unaanza, na michoro ya Van Gogh au Klimt inatambaa ukutani, sakafuni, mpaka kwenye shati lako. Ghuba nako imefika: mwaka 2021 ukumbi wa namna hiyo ulifunguliwa ndani ya Dubai Mall, kituo kinachojulikana vizuri na watu wetu wanaokwenda huko kununua bidhaa. Wengi wanaojipiga picha kwenye kumbi hizi huamini kwamba jambo lenyewe lililetwa na kompyuta. Lililetwa na mwandishi wa habari mwenye slaidi.

Les Baux ilikwisha kuingia vitabuni kabla yake. Mwaka 1821 Pierre Berthier, mtaalamu wa madini, alichunguza mwamba mwekundu wa hapo, na boksiti ikapata jina lake kutoka kijiji hicho. Lakini kilicholisha vijana wa Les Baux kwa muda mrefu ni mawe meupe ya chokaa. Walikata mlima kwa ndani, wakiacha nguzo za mraba ili dari lisiwaangukie, na nyuma yao zikabaki kumbi ndefu zenye baridi hata katikati ya kiangazi. Chuma na saruji vilipotwaa ujenzi, soko la mawe likafa. Machimbo yakafungwa mwaka 1935. Jean Cocteau alifika mwaka 1959 kupiga humo sehemu za filamu yake juu ya Orpheus, kisha akaondoka.

Ndipo tunapofika kwa Albert Plécy. Huyu alikuwa mtu wa magazeti ya picha. Mwaka 1954 alishiriki kuanzisha Gens d'Images, chama kilichoanzisha Tuzo ya Niépce, mojawapo ya tuzo kongwe za wapiga picha Ufaransa. Maisha yake yote yalikuwa ya kuchagua picha na kuzipanga kurasani, na hilo halikumtosheleza. Picha, aliona, huwekwa mbele ya mtu. Yeye alimtaka mtu awe ndani yake. Kabla yake Josef Svoboda, msanifu wa majukwaa kutoka Chekoslovakia, alikuwa ameushangaza umati wa Maonyesho ya Dunia ya Brussels mwaka 1958 kwa kumulika skrini nyingi kwa wakati mmoja. Plécy alizifuata kazi hizo kwa makini, kisha katikati ya miaka ya 1970 akapata machimbo: kuta nyeupe ambazo hazikuhitaji kupakwa rangi na giza lisilohitaji pazia. Akapaita Cathédrale d'Images, Kanisa Kuu la Picha. Hakuishi kuona matunda yake, kwani alifariki mwaka 1977. Familia yake ikaendelea na kazi kwa zaidi ya miaka 30, ikibadilisha onyesho baada ya onyesho.

Ugomvi ukaja kutoka kwa mwenye nyumba. Machimbo ni mali ya halmashauri ya kijiji, na familia ilikuwa mpangaji. Mwishoni mwa miaka ya 2000 halmashauri ilisitisha upangaji, ikasema eneo litaendeshwa kama huduma ya umma na mwendeshaji atapatikana kwa zabuni. Aliyeshinda ni Culturespaces, kampuni ya Kifaransa yenye uzoefu wa kuendesha makumbusho na majengo ya kale. Machi 2012 milango ikafunguliwa kwa jina jipya, Carrières de Lumières, na kwa onyesho la Gauguin na Van Gogh. Pango lilelile, kuta zilezile, muziki na picha kubwa vilevile. Upande wa Plécy ukalia kwamba umenyang'anywa si jengo tu, bali wazo. Kesi zikafuatana kwa miaka.

Kijiji kilikuwa na haki juu ya mwamba wake, hilo sipingi, na zabuni ya wazi ni bora kuliko upangaji usio na mwisho. Ila kuna jambo linalokera. Sheria ya hakimiliki hulinda kazi iliyotengenezwa, hailindi wazo tupu. Aliyetangulia kufikiri kwamba pango linaweza kuwa kitabu cha picha hana hati ya kuonyesha. Tena sheria hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Van Gogh yuko kila mahali: alifariki mwaka 1890, na ulinzi wa Ulaya hukoma miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Klimt wa 1918 naye ni bure. Picasso, aliyefariki mwaka 1973, bado ana warithi wa kuombwa ruhusa na kulipwa. Kwa hiyo tusidhani Van Gogh huchaguliwa kwa machozi yake peke yake.

Pia pana kejeli ya jirani. Kilomita kama 10 tu kutoka machimbo hayo, huko Saint-Rémy, ndiko Van Gogh alikolazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1889, na Juni mwaka huo akachora usiku wake wa nyota zinazozunguka. Turubai lile halifiki mita moja kwa upana. Limo katika makumbusho ya MoMA, New York, na anayelisogelea huona rangi ilivyorundikwa kwa brashi hadi ikawa na matuta. Projekta haina matuta hayo, hata ukuta uwe mrefu kiasi gani.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Aprili 2018 Culturespaces ilifungua Atelier des Lumières jijini Paris, ndani ya kiwanda cha zamani cha kusubu chuma kilichojengwa mwaka 1835, kwa projekta 140 na Klimt ukutani. Zaidi ya watu milioni moja walipita katika onyesho hilo la kwanza. Jeju ya Korea Kusini ikafuata, kisha Bordeaux, katika ngome ya nyambizi iliyojengwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marekani na Kanada yakaibuka makampuni mengine yenye majina yanayofanana hadi wanunuzi wa tiketi wakachanganyikiwa. Moja kubwa kati ya hayo, Lighthouse Immersive, liliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2023.

Anayeandika historia ya maonyesho haya aanzie Les Baux kwa Plécy na projekta zake za slaidi. Akianzia Paris mwaka 2018, atakuwa ameandika historia ya tiketi tu.