Bunduki ya Mgeni

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo yao Afrika Mashariki, na milima ya Upare ikathibitishwa kuwa upande wa Wajerumani. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mkutano wa mataifa 17 uliokaa Brussels ulimalizika kwa mkataba mwingine. Wa kwanza tunaufundishwa shuleni kwa sababu ya ramani. Wa pili hutajwa kwa haraka, kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Humo ndani, hata hivyo, mna vifungu kuhusu bunduki, na ndivyo vilivyonifanya niache kwa muda mada yangu ya tasnifu. Vinajibu swali ambalo bado lina moto: mtu akivuka mpaka na silaha yake, anafuata sheria ya nani?

Upare haikusubiri wageni ndipo ijue silaha. Ugweno, kaskazini mwa milima yetu, ilikuwa nchi ya wahunzi. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa kufua chuma, na chuma hicho kilifika hadi kwa Wachagga. Mkuki na upinde vilikuwa vitu vya nyumbani kama jembe. Bunduki ndiyo iliyokuja baadaye, na ilikuja na misafara.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Pangani, ikafuata bonde la Ruvu chini ya milima, ikaelekea Kilimanjaro na Umasaini. Mtu aliyesimama ukingoni mwa milima aliweza kuona tambarare walikopita. Walikuwa wageni wenye bunduki, na hakuna ofisi iliyowapa kibali. Lakini kulikuwa na utaratibu. Katika njia za misafara za Afrika Mashariki, msafara ulioingia nchi ya mtawala ulilipa hongo: nguo, shanga, waya, wakati mwingine baruti. Leo hongo ni jina la kosa. Wakati ule lilikuwa jina la ushuru wa njia. Mgeni hata akiwa na bunduki mia, akilipa hongo alikuwa amekiri kwamba nchi ina mwenyewe.

Sitaki kuupamba wakati huo. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare na kuichapisha mwaka 1969, alionyesha jinsi biashara hiyo ilivyodhoofisha tawala za zamani za milimani. Aliyekuwa karibu na njia alipata bidhaa na bunduki, na mwenye bunduki hakuona tena sababu ya kumtii mtawala aliyekaa mbali. Chini kidogo, Mazinde, Semboja wa ukoo wa kifalme wa Washambaa aliweka makao yake njiani na kujenga nguvu zake kwa biashara na bunduki. Watu walikamatwa na kuuzwa. Kwa hiyo wajumbe wa Brussels waliposema bunduki zinalisha biashara ya watumwa, hawakusema uongo.

Sasa tuangalie walichoandika. Eneo lilipimwa kwa nyuzi za latitudo: kutoka 20 kaskazini mpaka 22 kusini, bahari hadi bahari. Humo, uingizaji wa bunduki za kisasa, zile zenye mifereji ndani ya mtutu na zinazolenga mbali, ulikatazwa. Gobole la zamani na baruti ya kawaida viliweza kuuzwa, tena pale tu ambapo watawala wangeruhusu. Serikali zilijiachia silaha zao. Kisha ikaja milango miwili kwa mtu binafsi. Wa kwanza ni wa mtu anayetoa dhamana ya kutosha kwamba silaha yake haitaishia kwa mwingine. Wa pili ni wa msafiri mwenye tamko la serikali yake kwamba bunduki na risasi ni za kujilinda yeye mwenyewe tu.

Nilisoma mlango huo wa pili mara kadhaa. Tamko ni la serikali *yake*. Msafiri anatoka kwao na karatasi ya kwao, na karatasi hiyo inampa haki ya kubeba bunduki kwenye milima ambayo wenyeji wake hawakuwa na mjumbe katika mkutano ule. Sultani wa Zanzibar alikuwamo miongoni mwa watia saini. Upare haikuwamo.

Si vigumu kumwona msafiri aliyekusudiwa. Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa Usambara. Waliporudi kuelekea pwani walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, aliyekuwa akipigana na Wajerumani, wakaachiwa kwa fidia. Wajerumani na Waingereza walizingira pwani kwa meli ili kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka 1890 Baumann alirudi, akapima na kuchora ramani za Usambara na Upare. Katika muda wa miaka miwili, bunduki ya mwenyeji ilikuwa imegeuka tatizo la usalama, na bunduki ya mgeni ikawa kifaa cha safari. Mkataba wa Brussels ulikuja kuliandika jambo hilo kwa lugha ya sheria. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, hongo ilipokufa kama ushuru: mgeni hakuhitaji tena kumwomba mwenyeji chochote.

Marekani ilikuwa mmoja wa watia saini wale, na leo swali hilihili liko nyumbani kwake. Mtoto wa baba yangu mdogo anaishi Texas na kuendesha lori. Tangu Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola bila leseni, awe mkazi au mpita njia. Majimbo 29 yalikuwa na sheria za namna hiyo kufikia 2024. Ila si yote yaliyoanza kwa kumkaribisha mgeni. Wyoming iliwapa ruhusa hiyo wakazi wake peke yao hadi 2021, Dakota Kaskazini hadi 2023. Na mtu akitaka kutembea na bastola Illinois, uhuru wa Texas haumtoshi, kwa kuwa Illinois inadai leseni. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda mpita njia kwa sharti kwamba silaha haina risasi, imehifadhiwa, na haifikiwi kwa urahisi. Kaka alipotueleza haya kwenye kundi la familia, baba mdogo alijibu kwa sentensi moja: "Basi huko kila jimbo lina mwenyewe."

Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mlango wa Brussels. Leseni ya nje haimtoshi mgeni. Anayekuja kuwinda na bunduki yake anahitaji kibali cha hapa. Wapare wapo pande zote mbili za mpaka wa Kenya, na kutoka Same kwenda sokoni Taveta si safari ya kuaga. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linarahisisha mtu kuvuka na mizigo yake. Bunduki haimo katika ruhusa hiyo, hata kama mwenye nayo ana leseni halali kwao.

Hapo nimeona haki ikirudi mahali pake. Haijakamilika lakini. Tembo wakitoka Mkomazi na kuingia mashamba ya tambarare za Same, mkulima hupiga kelele, huwasha moto, huwaita askari wa wanyamapori, kisha husubiri kifuta jasho. Gobole la babu, kama bado limefichwa darini, linaweza kumpeleka jela. Ukimwambia kwamba sheria ya sasa ni ya wenyeji, atakuuliza ni mwenyeji gani.

Sina jibu la kumpa linalomaliza usiku wake shambani. Ninalo moja dogo. Mtu wa Vudee anayetaka leseni leo huanzia kwenye serikali ya kijiji. Kabla polisi hawajaamua, watu wanaomjua hukaa na kumjadili: ana hasira? Anakunywa? Ana ugomvi wa mpaka na jirani? Mwaka 1890 karatasi ya bunduki ilitoka mbali, kwa watu wasiowahi kuiona milima hii. Sasa inaanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kwenye benchi, kwa majirani ambao ndio watakaolala karibu na hiyo bunduki.