Kwa nini Élisabeth alikuja baada ya Zawadi

Jamani, mwezi uliopita kikundi chetu kilifanya kosa moja ambalo mpaka leo linaniuma, ndiyo maana nimetafuta historia yake. Tulikuwa tunaandaa masomo ya kompyuta pale Mbale. Majina yalikuja kwa WhatsApp, mengine kutoka kwa wenzetu wa Jinja, mengine ya hapa hapa Mbale, na kila mtu aliandika alivyozoea. Kijana wetu mmoja akayabandika yote kwenye faili la maandishi, jina moja kila mstari, akaandika skripti fupi ya Python ya kuyapanga kwa alfabeti. Sekunde moja, kazi imeisha. Tukachapa.

Siku ya kwanza akafika dada mmoja kutoka Jinja. Tumwite Élisabeth, siyo jina lake. Amepanda teksi alfajiri, amepita Iganga na Tirinyi, na nauli yenyewe ameazima. Aliyekaa mlangoni akatafuta kwenye E. Hamna. Akasoma mpaka Zawadi, jina la mwisho kwenye karatasi. Hamna. "Dada, haumo." Kiti chake akapewa mtu wa akiba. Jioni ndiyo tukakuta karatasi ya pili imebaki kwenye printa, ina majina manne tu: mawili ya watu walioandika kila kitu kwa herufi ndogo, na mawili yanayoanza na É.

Kijana wetu alijilaumu sana, eti amekosea kuandika skripti. Hakukosea. Skripti ilifanya kile ambacho watu fulani waliamua zamani.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Mwaka 1963 shirika la viwango la Marekani lilitoa jedwali linaloitwa ASCII, ambalo kila herufi ina namba yake. A ni 65, Z ni 90. Herufi ndogo zimo kwenye toleo la 1967: a ni 97, z ni 122. Nafasi zote zilikuwa 128 tu, na É haikupewa hata moja, juu waliokaa mezani walikuwa wanafikiria Kiingereza. Kwenye Unicode, jedwali kubwa la lugha nyingi ambalo toleo lake la kwanza lilitoka 1991, É ni namba 201. Basi ukiiambia skripti "panga" bila maelezo mengine, inalinganisha namba tu: Zawadi ana 90, zuberi wa herufi ndogo ana 122, Élisabeth ana 201. Alama ikiwa katikati ya jina ni shida ile ile. Désiré anaangukia nyuma ya Dorcas, ingawa e iko kabla ya o. (Na kama mistari yenu inaanza na namba, mtaona 10 inakuja kabla ya 2, maana mashine inaangalia ile 1 kwanza.)

Upande mwingine wa historia hii uko nyumbani kwetu, Kongo. Mwanzoni mwa 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kwa siasa yake ya "kurudi kwenye uhalisi". Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikabidi akae Roma kwa miezi. Ndiyo maana wazazi wetu wengi waliozaliwa miaka ile hawana prénom kwenye karatasi zao, hata kama kanisani waliitwa Élisabeth kimya kimya. Utawala wa chama kimoja ulipolegea miaka ya 1990, majina yale yakarudi wazi. Sasa fikiria: jina ambalo bibi alificha, mjukuu akapewa kwa furaha, halafu linafika Uganda na kutupwa chini ya orodha na jedwali la 1963.

Na msidhani alfabeti yenyewe ni kitu kilichoshuka mbinguni. Angalieni kamusi za Kiswahili. Ile ya Frederick Johnson ya 1939 inaweka pendana na pendeza ndani ya penda, kama watoto kwa mama yao. Kamusi za Kifaransa nazo zinasoma é kama e, alama inaangaliwa tu pale maneno yanapolingana. Kila mpangilio, kuna mtu aliuchagua.

Tulipokaa kurekebisha, mwenzetu mmoja wa Jinja akasema tufute alama zote, tuandike Elisabeth, yaishe. Mimi nikakataa. Diploma yake ya Kongo ina É, na siku mtu akilinganisha orodha mbili kwa kompyuta, Elisabeth na Élisabeth watakuwa watu wawili. Tumeacha jina kama mwenyewe alivyoliandika. Skripti sasa inatengeneza nakala ya pembeni ya kila jina, inatenganisha E na alama yake, inatupa alama, inageuza zote kuwa herufi ndogo, inapanga kwa kufuata nakala hiyo, halafu inachapa jina halisi. Ni mistari michache tu, na kijana wetu ataituma kwa yeyote anayeitaka.

Kitu kimoja skripti haiwezi kujua ni jina gani litangulie. Kongo tumezoea nom, postnom, halafu prénom mwisho. Hapa wengi wanaanza na lile la ubatizo. Kwa hiyo fomu yetu sasa inauliza: "Tukutafute kwa jina gani?" Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, swali hili mnaweza kulichukua bure.

Élisabeth yuko kati ya Elia na Emmanuel. Masomo ya kundi la pili yanaanza Jumatatu, na nauli yake safari hii inatoka kwenye mfuko wa kikundi.