Chanda chema huvikwa pete: nani wa kuenziwa kwa kuwalea wasichana wa Mangateen?

Viongozi wa jamii na wafadhili wanaosaidia vikundi vya wasichana huitwa mbele ya watu, hutunzwa na kusifiwa. Katika makazi kama Mangateen, mjini Juba, heshima hiyo ina uzito kuliko sherehe yenyewe, kwa kuwa inaweza kumpa mzazi au mzee wa mtaa nguvu ya kusema hapana pale binti anapotakiwa kuozwa kabla ya wakati.

Mambo muhimu
• Mangateen ni makazi ya watu waliohamishwa na vita vilivyoanza Sudan Kusini mwezi Desemba 2013.
• Sheria ya Mtoto ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 inamlinda kila aliye chini ya umri wa miaka 18 dhidi ya ndoa za mapema, lakini takriban nusu ya wasichana nchini humo huolewa kabla ya umri huo.
• Wanawake kadhaa wa Afrika Mashariki, au waliofanya kazi huko, wametunukiwa tuzo za kimataifa kwa kuwatetea wasichana. Kazi ya kila siku hata hivyo hubebwa na watu wasiojulikana.

Mangateen ni wapi?

Mangateen iko katika jiji la Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Vita vilipozuka mwezi Desemba 2013, maelfu ya wakazi wa Juba walikimbilia vituo vya Umoja wa Mataifa wakitafuta ulinzi, na wengine wakatafuta hifadhi penginepo mjini. Mangateen ikawa miongoni mwa mahali walipokusanyika watu hao. Mapigano mapya ya Julai 2016 yaliongeza idadi ya waliopoteza makao, na mkataba wa amani uliotiwa saini Septemba 2018 haukuwarejesha wote nyumbani.

Mtoto aliyezaliwa wakati wa vita vya kwanza sasa ni kijana. Kwa wasichana wa rika hilo, kikundi cha vijana kinaweza kuwa mahali pekee wanapokutana bila kutumwa maji, kuni au kulea wadogo zao. Huko hujifunza kusoma, kushona, kucheza mpira, kuzungumza mbele ya watu na kuijua miili yao. Mahitaji ya kikundi kama hicho ni machache: kivuli, mkeka, maji safi, taulo za kike, na mtu mzima mmoja anayeaminiwa na wazazi. Hilo la mwisho ndilo gumu kupatikana, na halinunuliki dukani.

Lugha zinazosikika katika mikutano ya mjini Juba ni nyingi. Kiarabu cha Juba hutangulia, zikifuatwa na lugha za kila jamii, na Kiswahili nacho kimepata nafasi kupitia wafanyabiashara wa Kenya na Uganda pamoja na Wasudan Kusini waliosoma katika kambi za wakimbizi kama Kakuma. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Kwa nini heshima ina maana

Katika jamii nyingi za wafugaji wa Sudan Kusini, mahari hulipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao hawabaki kwa baba peke yake. Wajomba, ami na kaka wa binti wana mafungu yao, na mara nyingi mahari ya dada ndiyo humwezesha kaka kuoa. Kwa hiyo baba anayeamua binti yake amalize shule hapotezi mali yake tu. Huwanyima na ndugu zake walichokuwa wakikitarajia. Umaskini wa kambini huzidisha shinikizo hilo.

Hapo ndipo nafasi ya kiongozi wa jamii inapoonekana. Chifu, ambaye Sudan Kusini huitwa sultani, huamua mashauri ya ndoa na mahari. Sultani anayekataa kuibariki ndoa ya mtoto hujiletea lawama za wazee wenzake. Akiitwa mbele ya kadamnasi na kushukuriwa kwa uamuzi huo, jamii inamrudishia sehemu ya hadhi aliyoihatarisha. Baba aliyekuwa akisitasita naye hupata kauli ya kuwajibu ndugu zake: kwamba mzee anayeheshimiwa na wote amefanya hivyo hivyo.

Shule ya sekondari ya wasichana ya Loreto, karibu na mji wa Rumbek katika Jimbo la Maziwa, iliutambua uzito wa neno la mzazi. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 2008 na watawa wa Loreto wakiongozwa na Sista Orla Treacy kutoka Ireland. Mzazi au mlezi anayemwandikisha binti hutia saini ahadi kwamba hatamwoza hadi amalize masomo. Mwaka 2019, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimtunuku Sista Orla tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri. Waliotia saini zile ahadi hawakupanda jukwaani, ingawa bila wao shule isingekuwa na wanafunzi.

Waliokwisha kuvikwa pete

Sudan Kusini ina mifano mingine. Rita Lopidia, mmoja wa waanzilishi wa shirika la wanawake la EVE, mwaka 2020 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya wanawake wajenzi wa amani iliyotolewa na Taasisi ya Amani ya Marekani. Alihimiza sauti za wanawake, wakiwemo wakimbizi, zifike katika mazungumzo yaliyozaa mkataba wa mwaka 2018. Mkataba huo uliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi za uongozi serikalini.

Nchini Tanzania, wakili Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alivipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na umri wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019. Mwaka 2018 Gyumi alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Nchini Kenya, Kakenya Ntaiya alisomeshwa ng'ambo kwa mchango wa wanakijiji wenzake wa Enoosaen, akiwa ameahidi kurudi kuwafaa. Mwaka 2009 alifungua shule ya wasichana kijijini humo. Shirika la habari la CNN lilimtaja miongoni mwa mashujaa wake 10 wa mwaka 2013. Katika habari hii wafadhili wa kwanza ni wanakijiji, waliotoa walichokuwa nacho kwa ajili ya binti mmoja, nao wakaja kuyaona matunda yake kwa mabinti wengi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Skauti wa kike nao wana utaratibu wao wa kuwashukuru walezi. Chama cha Skauti wa Kike cha Kenya kilianza mwaka 1920, na huko ni desturi mke wa rais kuwa mlezi wake. Mlezi wa heshima huleta jina na milango iliyo wazi. Kiongozi wa kikosi huleta Jumamosi zake, mwaka baada ya mwaka. Kikundi chenye hekima huwaenzi wote wawili, kila mmoja kwa alichotoa.

Heshima isigeuke mapambo

Sherehe ya shukrani inaweza pia kuleta madhara. Mfadhili anayemkabidhi msichana taulo za kike mbele ya kamera huenda akapata picha nzuri, na msichana akabaki na aibu mtaani. Binti aliyenusurika ndoa ya lazima au ukatili wa kijinsia hapaswi kuitwa jukwaani kama ushahidi wa wema wa mtu mwingine. Jina lake na sura yake vinaweza kumfikia yule aliyemkimbia.

Hatari ya pili ni kumtunuku asiyestahili. Mzee anayesifiwa kwa kutoa kiwanja cha kikundi, kisha akawa na shauri la kuoa mtoto, huwafundisha wasichana kwamba maneno ya jukwaani si ya kuaminika. Kwa hiyo kabla ya hati ya shukrani kuandikwa, maswali machache hayana budi kujibiwa:

• Je, wasichana wenyewe wameulizwa ni nani aliyewafaa?
• Je, anayependekezwa huwasomesha na kuwalinda mabinti wa nyumbani kwake?
• Je, mama anayefungua mlango wa darasa kila asubuhi amekumbukwa, au ni mwenye fedha pekee?
• Je, gharama ya sherehe inazidi mahitaji ya kikundi kwa mwezi mzima?

Swali la mwisho limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025, Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID na fedha za nje kupungua katika nchi nyingi zikiwemo za Afrika Mashariki. Misaada ya mbali inapokatika, mfanyabiashara wa sokoni anayetoa mabati, mwalimu anayefundisha bila mshahara na kanisa linaloazima ukumbi wake huwa ndio wafadhili waliobaki.

Mchango wa walio ughaibuni

Wasudan Kusini waishio Australia wamewahi kutambuliwa kwa kazi ya aina hii. Wakili Nyadol Nyuon, aliyekulia katika kambi ya Kakuma, alitunukiwa Nishani ya Heshima ya Australia mwaka 2022. Mchezaji kandanda Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma, aliteuliwa Kijana Bora wa Australia mwaka 2023. Yeye na kaka yake walianzisha shirika la Barefoot to Boots linalowasaidia wakimbizi.

Nchini Australia mtu yeyote anaweza kumpendekeza mwenzake kwa nishani ya taifa, bila kulipa ada. Majina hutangazwa mara mbili kwa mwaka, tarehe 26 Januari na katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme mwezi Juni. Anayependekezwa haarifiwi mwanzoni, hivyo anayeandika pendekezo huhitaji kukusanya habari za kazi yake, miaka aliyoifanya na majina ya watu wanaoweza kuithibitisha.

Kwa walio na jamaa Mangateen, njia ya karibu zaidi haihitaji fomu yoyote. Salamu inayotumwa kwa simu ikimtaja kwa jina mwalimu wa kujitolea, na kusomwa mbele ya wazazi siku ya mkutano, husikika mtaa mzima. Ikiambatana na ada ya muhula mmoja ya binti mmoja, basi sifa na kazi zimekwenda pamoja. Chanda chema huvikwa pete, na hakuna aliyesema kwamba pete lazima iwe ya dhahabu.